Ufa wa Upande wa Chini

Kwa miaka ishirini na minne nililipwa mshahara kwa kuvunja vigae. Wenzangu katika karakana yetu ya Bulyaga walivitengeneza, mimi nikavivunja, na mwisho wa mwezi tulisimama foleni moja. Mama yangu hakuielewa kazi hiyo hadi anafariki. Majirani walipomwuliza binti yake anafanya nini mjini Tukuyu, aliwaambia mimi ni mpishi, akabadilisha mazungumzo.

Ninyi mnaoingia karakana sasa mmekuta mashine ya kupimia yenye namba zinazowaka nyekundu. Nafurahi. Lakini juma lililopita nilipita kuwasalimu, nikamwona mmoja wenu akikitazama kigae kilichodondoshewa gololi, akakipangusa vumbi, akaandika "kizima" bila kukigeuza. Sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa mgeni na mlikuwa mmeshanipa soda. Ndiyo maana naandika.

Nianze na kigae chenyewe, maana najua wapo watakaosoma bila kuwahi kukishika. Unene wake ni kama wa kidole cha mwisho. Ndani yake kuna saruji kidogo, chokaa, majivu ya volkano yaliyochekechwa, na nyuzi zilizokatwa fupi. Majivu tunachimba wenyewe. Milima yetu iliyatapika zamani, ikatuachia kazi ya kuyazoa. Nyuzi zinatoka kwenye migomba, na huku kwetu mgomba hautafutwi, unaukwepa tu njiani.

Kigae kama hicho bila nyuzi ni sahani. Ukikigonga, unaokota vipande. Chenye nyuzi nacho hupasuka, na hapo ndipo wengi mnapokosea. Uzi hauzuii ufa. Uzi unaushika ufa pande zote mbili na kukataa kuachia, na kila unapovutwa taratibu kutoka mahali ulipogandia, unakula nguvu ya lile pigo. Kigae kinaumia lakini kinabaki kimoja, kiko palepale juu ya kichwa chako, na wewe unapata muda wa kukibadilisha.

Mimi sikuajiriwa kwa kujua hayo. Niliajiriwa kuchota maji. Siku ya nne nilibebeshwa vigae kumi na viwili nivipeleke kwenye pipa la kulowekea, na kwa kuwa mvua ya Tukuyu haina likizo, niliteleza. Msimamizi wetu, Mzee Anyosisye, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Alinifukuza kazi akiwa bado yuko mlangoni, kabla hajafika nilipoanguka. Kwa woga nikamwambia kitu cha kwanza kilichonijia: kwamba vilivyovunjika vipande ni saba, na vyote saba nyuzi zake zimejikusanya mafundo mafundo, na vile vitano vilivyobaki nyuzi zimetawanyika.

Akachuchumaa. Akageuza kipande kimoja, kisha kingine.

"Nani kakwambia utazame nyuzi?"

"Hakuna, mzee. Nimeanguka karibu nazo."

Akaniambia kesho nisichote maji, nije nivunje vingine. Ndivyo nilivyopandishwa cheo.

Kifaa changu cha kazi kilikuwa gololi ya chuma, kubwa kama limau, iliyotoka kwenye mashine moja kuukuu ambayo hakuna aliyejua ilikuwa ya nini. Kigae kinalazwa juu ya mbao mbili, gololi inaachiwa kutoka kwenye kamba yenye alama, unaangalia. Kazi ni rahisi mahali palipo tambarare. Bulyaga mnaijua. Gololi ikishagonga kigae ilikuwa inadunda, inatoka mlangoni, inashika njia ya kuteremka, nami nyuma yake. Nimeikimbiza gololi ile mbele ya msafara wa arusi. Nimeitoa kwenye sufuria la mama muuza maharage, akadai imemwongezea chuma kwenye mboga. Baadaye nikajifunza kuweka kisanduku cha maranda ya mbao chini na pembeni. Hilo nalo liandikeni: kabla ya kudondosha kitu, jiulizeni kitakwenda wapi kikimaliza.

Mwanzoni nyuzi zetu zilikuwa za katani na zilitoka mbali. Mzee Anyosisye ndiye aliyeamua tuhamie kwenye mgomba, na uamuzi huo ulikuwa mzuri, isipokuwa aliutekeleza siku ileile alipouwaza. Tulichuna nyuzi kutoka kwenye shina bichi, tukazikata, tukazitia kwenye mchanganyiko zikiwa na maji yake. Siku ya pili vigae vilikuwa laini. Siku ya tatu vilikuwa laini. Siku ya nne Mzee akaenda dukani kwa Bwana Shabani, ambaye ndiye alikuwa akituuzia saruji, akamwambia mbele ya wateja kwamba anauza unga wa muhogo.

Bwana Shabani mnamfahamu wengi wenu, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mnene na mtaratibu anayesema kila kitu kwa sauti moja, awe anakusalimu au anakukatalia. Hakubishana. Alifunga duka, akaja karakana kwa miguu, akavitazama vigae, akanionyesha kwa fimbo mstari mrefu wa sisimizi uliokuwa umeingia kwa dirisha na kutandaa juu ya vigae vyetu vyote.

"Mzee Anyosisye," akasema, "sisimizi hawali saruji."

Walikuwa wamefuata utamu. Maji ya mgomba yana sukari, na sukari inaikataza saruji kushika. Tangu siku ile nyuzi zinachemshwa, zinasuuzwa mara tatu, zinaanikwa mpaka ziache kunuka. Mzee hakumwomba radhi Bwana Shabani, ila kwa mwezi mzima alimpelekea ndizi, na Bwana Shabani alizipokea bila kuuliza ni za nini.

Kosa jingine lilikuwa langu. Niliona nyuzi zinachomoka kirahisi kwenye vigae vilivyovunjika, nikadhani huo ni udhaifu. Nikazipaka uji mzito wa saruji kabla ya kuzitia, ili zishike kweli kweli. Zilishika. Kigae kile nilipokidondoshea gololi kilikatika katikati kama biskuti, na nyuzi zilikatika pamoja nacho, zimenyooka, hakuna hata mmoja uliochomoka. Uzi ulioshikwa kupita kiasi hauna namna ya kuvutwa, unakatika tu. Mnataka uzi unaoshika na kulegea kidogo. Mzee alikitazama kigae changu, akaniambia nimetengeneza sahani ya gharama.

Sasa nifike kwenye vigae vya Masoko, ambavyo ndivyo nilivyokusudia.

Karakana yetu ilikuwa imefika pabaya. Watu walikuwa wanapaua kwa bati, na waliotufadhili mwanzo walituandikia kwamba tusipopata kazi moja kubwa kabla ya mvua, mlango ufungwe. Tulikuwa wanawake watano na Mzee. Kazi moja tu ilikuwa inazungumzwa wilayani kwa wakati ule iliyotufaa: zahanati mpya kule Masoko. Kamati ya ujenzi ilivutiwa na vigae kwa sababu mganga waliyeletewa, kijana kutoka Singida, alilalamika kwamba chini ya bati mvua ikinyesha hasikii moyo wa mgonjwa. Lakini kamati ilikuwa na shaka moja. Kiwanja kilikuwa na miparachichi mitatu mikubwa ambayo hakuna aliyekubali ikatwe, na parachichi bichi likianguka kutoka juu kule ni jiwe. Wakataka waone.

Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa baba mkwe wangu.

Kwa wasio wa huku nieleze. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mwanamke hakutani na baba wa mumewe. Hamwangalii usoni, hasemi naye, jina lake halitaji, na ndiyo maana hamtalikuta humu. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani. Naye mzee akisikia mkwe yuko jikoni, anapita mbali na kukohoa. Ni heshima ya pande zote mbili, na inachosha pande zote mbili. Siku hizi mjini watu wamelegeza. Nawaona mkila na wakwe zenu meza moja na kugombania kipande cha kuku. Mzee wangu wa Masoko hakuwa amelegeza hata kidogo, nami nilikuwa nimeolewa miaka kumi na sita bila kuijua sura yake vizuri. Mgongo wake ningeutambua popote.

Nilimwambia Mzee Anyosisye kwamba mimi nibaki Bulyaga. Akakataa, akasema mvunjaji ni mimi, na kwamba tutapanga. Mpango wake ulikuwa huu. Pale kiwanjani tulikuwa tumejenga stoo ndogo ya mbao ya kuwekea saruji, na kuipaua kwa vigae vyetu ishirini na vinne kama mfano. Kamati itasimama nje. Mzee ataangusha maparachichi kutoka mtini. Mimi nitakaa ndani ya stoo, mlango umeegeshwa, niangalie kutokea chini. Bwana Shabani, aliyekuja na gari lake kwa sababu sisi tukikosa kazi naye anakosa mteja, atasimama mlangoni kupeleka maneno.

Kuna jambo nililijua kuhusu vigae vile ishirini na vinne ambalo sikulipenda. Mzee alikuwa na haraka. Alivitoa kwenye pipa la maji siku ya nne badala ya siku ya saba, akaviweka juani vikauke upesi, wakati kigae hiki kinataka kukauka kivulini, polepole. Nilimwambia. Akanijibu kwamba jua nalo limeumbwa lifanye kazi.

Basi nimeingia stoo, nimekaa juu ya ndoo. Nje nasikia salamu ndefu, kikohozi cha baba mkwe, na Mzee Anyosisye anapanda mti huku akiwaeleza kamati jinsi nyuzi zinavyofanya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulieleza vizuri hata akiwa chini. Parachichi la kwanza likaja. Lilipiga juu yangu kwa kishindo, likajiviringisha, likaanguka. Nje watu wakapiga makofi. Nikasikia Mzee akisema waje watazame, hata alama hakuna.

Nikainua macho. Kigae cha tatu kutoka ukutani, upande wa chini, kilikuwa na ufa wenye matawi matatu kama unyayo wa kuku.

Hili ndilo nataka mlikariri hata kama mtasahau mengine. Kitu chembamba kikigongwa kwa juu, juu kinabanwa, chini kinavutwa. Tope lililokauka linavumilia kubanwa. Haliwezi kuvumilia kuvutwa. Kwa hiyo ufa unaanzia upande ambao hamuuoni. Juu pamelala kama palivyokuwa, panang'aa, na watu wanapiga makofi.

Nikajikuta nimekaa na ule ufa, mimi na wenyewe tu. Nikinyamaza, kamati inatoa kazi, karakana inaishi, wenzangu wanne wanaendelea kusomesha watoto. Nyuzi zingekishika kigae kile mwaka mmoja, labda miwili. Kisha maji yangeanza kupita, tone moja moja, kwenye chumba cha kujifungulia. Nilijaribu kujiambia kwamba miaka miwili ni mingi. Ila nilikuwa nakijua chumba chenyewe, kwenye ramani kilikuwa chini kabisa ya mparachichi mkubwa.

Nikamwita Bwana Shabani kwa sauti ndogo.

"Mwambie mzee kigae cha tatu kimepasuka."

"Mzee yupi? Wenu au wa kamati?"

"Wetu."

Akaenda taratibu kama anavyokwenda. Nikasikia minong'ono kwenye mti. Akarudi, na mnakumbuka nimewaambia kuhusu sauti yake, kwamba ni moja tu.

"Anasema unyamaze."

Kamati nzima ilisikia. Baba mkwe akauliza nani anyamaze. Akamwuliza Bwana Shabani moja kwa moja humo ndani kuna nani.

"Kuna mkweo, mwenyekiti."

Kupitia upenyo wa mbao nikaona miguu ya kamati ikisogea huku na huku, watu wakitafuta pa kutazama. Mgongo ninaoufahamu ukageuka kuuelekea mlango.

"Muulize ameona nini," akasema.

Bwana Shabani akaniuliza, ingawa nilikuwa nimeshasikia. Nikamwambia kimepasuka kwa chini, kwa juu hakionekani, na sidhani ni hicho peke yake. Nilikuwa umbali wa hatua nne kutoka kwa baba mkwe. Aliyasikia, nami nilijua ameyasikia. Lakini ilibidi Bwana Shabani amrudie yote kwa utaratibu, maana yasiporudiwa ni kama hayajasemwa.

Baba mkwe akasema anataka kuingia aone mwenyewe.

Stoo ilikuwa na mlango mmoja. Bwana Shabani akaniangalia, mimi nikaangalia juu. Nilikanyaga mifuko ya saruji, nikasukuma vigae viwili vya pembeni, nikapita katikati ya papi, zile mbao zinazobeba vigae, kwa kitenge changu kizuri, nikakaa juu ya paa, miguu kwenye mbao na si kwenye vigae. Mganga wa Singida, ambaye hakuwa amehadithiwa lolote kuhusu desturi zetu, alimwuliza jirani yake kama hii ndiyo kawaida ya majaribio. Akaambiwa ndiyo.

Baba mkwe akaingia chini, mimi niko juu. Nikamwambia Bwana Shabani amwambie kigae hakitazamwi kwa macho tu, kinagongwa. Nikakunja kidole, nikagonga kigae kizima: kinalia kama kikombe. Nikagonga kile cha tatu: kinatoa sauti ya kopo lenye mchanga. Kisha, kwa chini, nikasikia kidole cha baba mkwe kikikigonga kile cha nne. Kikalia vizuri. Nikakigonga kwa juu, kikalia vizuri. Akahamia cha tano. Tulikwenda hivyo paa zima, yeye kwa chini na mimi kwa juu, bila neno, na Bwana Shabani akiwa amekaa kwenye kivuli kwa mara ya kwanza siku hiyo, hana la kupeleka. Vibovu vilikuwa saba.

Alipotoka alisimama akiutazama mparachichi, ambako Mzee Anyosisye bado alikuwa amekaa kwenye tawi, hana hamu ya kushuka.

"Nimenunua vitu vingi kwa watu walioniambia ni vizima," akasema baba mkwe. "Leo ndiyo mara ya kwanza muuzaji mwenyewe ananiambia chake kibovu, na tena kapitia kwenye paa."

Akatoa uamuzi wake. Tutengeneze vipya vyote. Kila kigae kitakachopanda zahanati kigongwe na mimi, siku ya kupaua, palepale, naye akisikiliza. Akisikia kibovu hata kimoja ambacho mimi nimekipitisha, kamati inarudi kwenye bati.

Tukarudi Tukuyu kwa gari la Bwana Shabani. Mzee Anyosisye alikaa mbele, akajikuna mikwaruzo ya mti, na kwa majuma mawili hakusema nami. Kila alichotaka kuniambia alikipitisha kwa Bwana Shabani, ambaye alinilalamikia kwamba sasa ana wazee wawili. Lakini vigae vilikaa kwenye maji siku saba, kisha kivulini mwezi, na nilipokwenda kukagua nyuzi asubuhi nilikuta Mzee ameshazisuuza mara ya nne. Juma la tatu aliniambia mwenyewe, mdomo kwa sikio, kwamba jua si fundi.

Siku ya kupaua kulikuwa na manyunyu. Vigae vilipangwa uani kwa mafungu, mimi nikigonga, mafundi wakivipandisha. Baba mkwe aliletewa benchi. Akaliweka hatua kumi kutoka kwangu, akakaa amenipa mgongo, mwavuli mkononi, kofia magotini, sikio limeelekea nyuma. Tangu asubuhi hadi adhuhuri hakugeuka hata mara moja. Nikigonga kibovu nilikiweka pembeni, naye nilimwona akitikisa kichwa kidogo, kukubali. Nilianza kuona kwamba sikio lile lilikuwa kali kuliko la yeyote karakana, mimi nikiwemo. Mtu asiyeruhusiwa kutazama anasikia mambo mengi.

Kabla ya chakula cha mchana akaja ndama. Sijui alikuwa wa nani. Alimfikia baba mkwe kwa nyuma, akanusa koti, akaona lina chumvi, akaanza kulitafuna ncha. Baba mkwe akalivuta. Ndama akalivuta. Sasa fikirieni wenyewe: mtu mzima, mwenyekiti wa kamati, hawezi kugeuka kumfukuza ndama kwa sababu akigeuka atamwona mke wa mwanawe. Akajaribu kwa mkono wa kurudi nyuma, akampapasa pua. Ndama akaufurahia mkono. Akajaribu kwa mwavuli, akalipiga benchi. Mafundi walioko juu ya kenchi za paa wakajifanya wanahesabu misumari. Mimi niliendelea kugonga, lakini nilikuwa nimefumba mdomo kwa ukingo wa kitenge, na mwili wote unatikisika. Mwishowe mganga alikuja akamwondoa ndama, na kipande cha koti kikaenda naye.

Jioni kigae cha mwisho kilipanda. Mzee Anyosisye alisimama na karatasi ya kupokelea kazi, anaipepea isilowe. Wenzangu wanne walikuwa wamekuja kwa miguu kutoka barabarani kushuhudia, wamejipanga ukutani kama watu wanaosubiri majibu ya mtihani. Baba mkwe akamwita Bwana Shabani.

"Mwambie kipo kimoja amekipitisha ambacho kililia vibaya."

Mmoja wa wenzangu akakaa chini palepale kwenye matope.

Bwana Shabani akaniuliza, nami nikauliza ni kipi.

"Anauliza ni kipi, mwenyekiti."

"Kile alichokigonga wakati anacheka."

Nilikijua. Kilikuwa katika safu ya nne upande wa chumba cha dawa. Nikapanda ngazi mwenyewe, nikakichomoa, nikashuka nacho, nikakilaza juu ya mbao. Nikakigonga katikati: kikombe. Nikakigonga pembe zote nne. Nikakigeuza, nikakimwagia maji upande wa chini, nikasubiri. Maji yakikauka usoni, ufa hubaki na mstari mweusi, kwa sababu umeyanywa. Tulisubiri wote, manyunyu yamekatika kwa hisani. Kigae kikakauka cheupe, hakina hata unywele. Nikajua kilichotokea: kwa kutikisika nilikigonga kwenye kishikizo cha ukingoni, pale kinapokuwa kinene, na hapo hata kigae kizima hulia kama gogo. Gongeni katikati, na msicheke.

Nikamweleza Bwana Shabani hayo yote: kizima, mkono wangu ndio uliokwenda pembeni. Akayapeleka. Baba mkwe akaomba kigae kigongwe tena asikie. Nikakigonga mara tatu. Akatikisa kichwa kukubali. Mzee Anyosisye akasogeza karatasi.

Lakini baba mkwe hakuichukua.

"Muulize," akasema polepole, "alikuwa anacheka nini."

Juu ya kenchi fundi mmoja akakohoa, akaacha. Ncha ya koti la baba mkwe ilikuwa inaning'inia nyuzi. Nilikuwa nimeusema ukweli wa ufa mbele ya kamati nikijua utafunga karakana, na sasa swali dogo kama hili lilikuwa limenishinda.

"Mwambie," nikasema, "nilikuwa namcheka Bwana Shabani."

Bwana Shabani alinitazama kwa muda, kisha akalitazama koti. Akavuka uwanja kwa mwendo wake uleule.

"Anasema alikuwa ananicheka mimi, mwenyekiti."

Baba mkwe, mgongo bado uko kwetu, akasema hilo analiamini kabisa, akaomba kalamu.